Saa 9:00 ya tiketi ya Roma ni saa tatu asubuhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaojiandaa kwenda matembezi Ulaya kwa mara ya kwanza, hasa wanaovutwa na matangazo ya "miji sita kwa siku tisa". Safari ya namna hiyo inauza majina ya miji tu. Chukua mfano wa kuhama kutoka Paris kwenda Roma. Angani ni saa mbili hivi. Lakini hoteli inataka chumba kiachwe asubuhi, treni ya kwenda uwanja wa ndege ni nusu saa na ushei, uwanjani unatakiwa ufike saa mbili kabla, na ukitua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, unasubiri begi, kisha unapanda treni ya Leonardo Express, dakika 32 na euro 14, hadi kituo cha Termini. Ukikabidhiwa ufunguo wa chumba, siku imekwisha. Kila mji unaouongeza unameza siku moja. Kwa siku tisa miji miwili inatosha: siku nne Paris, siku nne Roma, na moja ya njiani.

Idadi ya miji inagusa hata viza. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ile moja inayokuingiza katika nchi nyingi za Ulaya, hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Ukiwa na nchi mbili jibu liko wazi, ukiwa na tano unaweza kujikuta umepeleka maombi yako kusikohusika. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, lakini usingoje huko mwisho, kwa sababu uamuzi wa siku 15 unaweza kurefushwa hadi 45. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iendelee kuwa hai miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, na ukinyimwa hairudi. Kwa hiyo weka nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa bila gharama mpaka viza itoke. Na London haimo humo: Uingereza ina viza yake, na mwenye ruhusa ya kuingia Schengen mara moja tu akivuka kutoka Paris kwenda London hawezi kurudi Paris.

Jambo linalonifanya niandike hasa ni saa. Sehemu zinazopendwa na watu siku hizi zinakuuzia saa ya kuingia, na tiketi ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, inaandikwa pia jina lako, liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Tiketi hizo hufunguliwa siku 30 kabla, na za asubuhi huisha mapema. Sasa msomaji wetu aliyezoea kuhesabu saa za Kiswahili anaona 9:00, moyoni anasoma saa tisa, anafika mchana kumbe zamu yake ilikuwa saa tatu asubuhi. Tiketi imekufa, na siku hiyo huenda isipatikane nyingine.

Ondoa 6 kwenye namba ya kwanza, basi; ikiwa chini ya 7, ongeza 6. 9:00 inakuwa saa tatu asubuhi. 14:30 inakuwa saa nane na nusu mchana. Jibu likizidi 12, ondoa 12 tena: 19:00 inabaki 13, yaani saa moja usiku. Hatari kubwa zaidi iko kwenye ndege za usiku wa manane. Tiketi inayosema 00:15 tarehe 12 ni saa sita na robo, usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwanjani unatakiwa uwe umefika tarehe 11 jioni; anayekwenda tarehe 12 usiku atakuta ndege iliondoka usiku uliopita. Ningeomba mawakala wetu wote wa safari waandike saa kwa namna zote mbili kwenye karatasi wanayompa mteja. Ni mstari mmoja tu, na unaokoa fedha nyingi.

Roma na Paris ziko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili wakati wa baridi, na saa moja wakati wa joto. Saa zao hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, usiku watu wakiwa wamelala, kwa hiyo mwenye treni asubuhi hiyo aiamini simu kuliko saa ya mkononi. Jua nalo halifanani na letu. Mwishoni mwa Desemba huchomoza Paris karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kwenye saa kumi na moja jioni. Mwishoni mwa Juni huzama karibu saa nne usiku. Ratiba ya Juni ukiipeleka Desemba, nusu ya mambo utayaona gizani.

Siku za kufungwa nazo zinaumiza. Makumbusho ya Louvre, Paris, hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris pia, na kasri la Versailles hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo kuingia ni bure na foleni yake haina huruma. Louvre Jumatano na Ijumaa huwa wazi hadi saa tatu usiku, na jioni hizo ndizo nzuri kwa mtu asiyependa kusukumana. Nunua tiketi kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Unapotafuta mtandaoni, majina ya juu kabisa mara nyingi ni ya wachuuzi wanaoongeza bei. Na usipange kupitia Colosseum au mnara wa Eiffel ukiwa na sanduku lako la safari, maana hutaruhusiwa kuingia nalo.

Kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani, kuingia ni bure, ila mabega na magoti yafunikwe. Mlangoni hawana mjadala. Kanga moja mkobani inatosha. Anayetaka kupanda kubani ajue ngazi ni 551, na hata akilipia lifti zinabaki 320, nyembamba na zenye kupinda. Mwenye goti bovu abaki chini, kanisani humo mna mengi ya kutazama.

Kwenye usafiri, kosa la wageni ni kudhani kununua tiketi kunatosha. Roma tiketi ya karatasi ya basi huingizwa kwenye mashine ndani ya gari ili igongwe muhuri, ndipo dakika 100 zianze kuhesabiwa. Ya treni za mikoani hugongwa kituoni kabla ya kupanda. Bila muhuri, kwa mkaguzi wewe ni kama hukulipa. Paris kila abiria awe na kadi yake, na tiketi ya kawaida ya metro haifiki uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Kuna tiketi ya uwanja huo peke yake. Vibaka hupenda mlango wa treni unapokaribia kufungwa, basi simu isiwe mkononi wakati huo.

Ukilipa kwa kadi, mashine ikikuuliza ukatwe kwa euro au kwa shilingi, chagua euro. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilisha fedha wanaipanga wao, na kwa kawaida ni mbaya. Plagi zetu za pini tatu bapa zinaingia London, ila Paris na Roma zinahitaji adapta. Roma, kahawa ya kusimama kaunta ni nafuu kuliko ya kukaa mezani, na maji ya mabomba madogo ya mitaani ni salama, jaza chupa.

Mtanzania anayeweza kuingiza Berlin badala ya Paris, namsihi afanye hivyo. Katika makumbusho ya Museum für Naturkunde amesimama mjusi mkubwa wa kale aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, kimo chake mita 13.27. Mifupa ile ilibebwa na wapagazi wa kwetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Panda treni ya U6, shuka kituo cha Naturkundemuseum. Vituo vya Berlin havina mageti, lakini tiketi igongwe muhuri, la sivyo faini ni euro 60. Jumatatu hufungwa.

Mtayarishaji wa safari,
Dar es Salaam