Wanyama wa bustanini wapewe mahali pa kujificha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hali ya wanyama wanaofugwa katika bustani ndogo zilizomo ndani ya viwanja vya mapumziko vya umma, ambako wengi wetu huwapeleka watoto siku za sikukuu. Bustani niliyoitembelea wakati wa Idi sitaitaja, kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayaihusu hiyo peke yake.

Katika kizimba kimojawapo nilimkuta nungunungu, mchana kweupe, amejibanza kwenye pembe ya sakafu ya saruji, kichwa amekielekeza ukutani na miiba imemsimama, huku vijana wakimchokoa kwa kijiti kupitia matundu ya wavu ili ageuke wampige picha. Hapakuwa na shimo, gogo, wala hata kipande cha bati ambacho angeweza kuingia chini yake. Nungunungu ni mnyama wa usiku. Porini hushinda shimoni mchana kutwa, na giza likishaingia ndipo hutoka kutafuta mizizi, matunda na magome ya miti. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, ndiyo maana huguguna miti na hata mifupa mikavu ili yapungue. Kumweka juu ya saruji tupu, bila cha kuchimba wala cha kuguguna, ni kumnyima karibu kila kitu alichoumbwa akifanye.

Jirani yake alikuwapo tumbili, naye peke yake, akienda na kurudi juu ya ubao uleule bila kupumzika. Watu walicheka wakidhani anacheza. Mwenendo wa namna hiyo, wa kurudia jambo moja pasipo kikomo, unajulikana kwa wataalamu wa tabia za wanyama kuwa ni dalili ya msongo, na haishangazi, maana tumbili huishi kwa makundi na hutumia muda mwingi kuchambuana manyoya. Tena alikuwa akirushiwa biskuti na watu wasiojua kwamba magonjwa yetu, kikiwamo kifua kikuu, humwambukiza naye pia.

Mhudumu niliyemuuliza alinijibu kwa upole kwamba wanyama wanakula vizuri, na kwamba watu wamelipa kiingilio, hivyo mnyama akijificha watalalamika. Ninaamini alisema kweli kuhusu chakula. Lakini Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na ustawi hauishii kwenye kushiba: mnyama anatakiwa pia aepushwe na hofu, na apate nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili. Kiingilio hakimpi mtu haki ya kumwona mnyama kila dakika anayotaka. Mzazi akielezwa kwamba nungunungu amelala, na kwamba jioni wakati wa kulishwa atamwona akitembea na kutafuna, ataelewa, na mtoto wake atakuwa amejifunza jambo la kweli kuhusu mnyama huyo.

Wapo watakaosema bustani hizi hazina fedha. Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi: udongo wa kutosha juu ya saruji, pango la mawe au magogo, na uzio wa pili wa kuwazuia watu wasiufikie wavu. Kwa tumbili aliye peke yake hakuna pango litakalotosha. Ahamishiwe mahali penye wenzake, na bustani isiyoweza kufuga kundi isifuge tumbili kabisa. Kisiwa cha Saanane kule Mwanza, ambacho kilianza mwaka 1964 kikiwa bustani ya wanyama, kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na leo pimbi hujificha katika majabali yake wapendapo, wala wageni hawajaacha kuvuka maji kwenda kukitembelea.

Naziomba halmashauri zenye bustani za aina hii zitume maofisa mifugo na maofisa wanyamapori wao wakazikague vizimba hivi kabla ya sikukuu ijayo, wakati wa mchana, umati ukiwapo.

Mzazi,
Dar es Salaam