Risala ya Wachongaji wa Vinyago wa Masasi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali na wa dini, wazee wetu na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Kikundi chetu kilianzishwa na wazee waliorithi tezo na patasi kwa baba zao. Mafanikio ni makubwa: tumechonga mimbari ya kanisa, tumeiwakilisha vyema Masasi katika Nane Nane, na kinyago chetu kimefika Ujerumani katika sanduku la mtalii.

Mheshimiwa, vijana wetu hupenda habari za Joram Mariga wa Zimbabwe, aliyezaliwa mwaka 1927 na kuwa bwana shamba huko Nyanga. Mwishoni mwa miaka ya 1950, barabara ilipokuwa ikichimbwa, aliona jiwe laini, akalichonga, akawafundisha wengine akiwamo John Takawira, hata sanaa ya mawe ya nchi hiyo ikajulikana duniani. Mariga aliipata malighafi kando ya barabara. Sisi mpingo tunauona porini na hatuugusi bila kibali, wala hatuombi tuachiwe tuukate ovyo, maana huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na wajukuu wetu watauhitaji.

Tunachoomba ni mabaki. Gogo linapopasuliwa kwa ajili ya vipande vya kutengenezea klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, kila chenye ufa au doa hukataliwa, na sehemu kubwa ya mti huishia kuwa kuni. Mchongaji huufuata ufa kwa patasi mpaka ukawa mkunjo wa kanga, na weupe wa nje huuacha uwe kilemba juu ya uso mweusi. Tunaomba tuuziwe mabaki hayo kwa bei nafuu, pamoja na hati halali ya kuyasafirisha, ili kijana mwenye kiroba cha vipande asishikwe kwenye kizuizi cha barabarani kama mwizi.

Ombi hili si jipya. Mgeni rasmi aliyekutangulia alilipokea kwa makofi, akaahidi majibu kabla ya msimu wa korosho. Korosho zimevunwa na kuuzwa, na barua zetu za kumkumbusha hazijajibiwa. Tunaheshimu wingi wa majukumu yake, lakini huku tukisubiri, wapo wanaopaka miti myepesi dawa nyeusi ya viatu na kuiuza kwa jina la mpingo, na mzee wetu mmoja, fundi hodari wa vinyago vya shetani, sasa anachonga mipini ya majembe.

Kwa unyenyekevu mkubwa, Mheshimiwa, badala ya ahadi tunaomba utuandikie cheo cha afisa wa kumwona na tarehe ya kumwona, chini ya nakala hii tunayokukabidhi, ambapo tumeacha nafasi.

Tunaomba kuwasilisha.