Malalamiko kuhusu ardhi kutitia na nyumba kupasuka

Mkazi wa kitongoji jirani na uzio wa mgodi,
Kanda ya Ziwa.

Meneja Mkuu,
Mgodi wa Dhahabu.

Ndugu Meneja,

YAH: ARDHI KUTITIA NA NYUMBA KUPASUKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili mliijibu kwa mstari mmoja, kwamba nyumba yangu ilijengwa vibaya na tena iko mbali na machimbo yenu. Siyakubali majibu hayo.

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, msingi wa mawe, na ina mkanda wa zege juu ya madirisha. Ilikaa miaka 14 bila ufa. Mwaka jana, mlipoanza kuchimba chini kwa chini upande wa kwetu, mlango wa chumba cha watoto ukaanza kukwama. Fundi akaupiga randa, baada ya mwezi ukakwama tena. Kisha ufa ukatokea penye kona ya dirisha, ukashuka vidato vidato kati ya matofali hadi sakafuni. Mwezi Machi nilibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji, nikaandika tarehe pembeni. Wiki sita hazijaisha, kioo kikakatika katikati. Leo kidole changu cha shahada kinaingia humo.

Afisa wenu wa mahusiano alipokuja alipiga picha ukuta tu. Nilimwomba tuzunguke nyuma, akasema hana muda. Angezunguka angeona ufa uleule ukitoka chini ya msingi, ukipita uani, ukikata mtaro na kuingia kwenye mihogo ya jirani. Shamba la mihogo halina fundi wa kulaumiwa. Maji ya mvua yaliyokuwa yakiteremka barabarani sasa yanatuama nyuma ya jiko, mahali ambapo hapajawahi kuwa na bonde.

Kuhusu umbali, ninyi mnaujua ukweli kuliko mimi. Mwamba ukitolewa chini na pengo likaachwa tupu, dari yake huinama, na tabaka za juu huifuata. Mtitio huo hutanuka kadiri unavyopanda, kwa hiyo eneo linaloshuka juu huwa pana kuliko shimo lenyewe. Halafu kuna maji. Mnayavuta kwa pampu usiku na mchana, na udongo ukipoteza maji yake hujibana na kushuka. Kisima chetu, kilichotuvusha kila kiangazi, kimekauka. Desemba 1962, kwenye mgodi wa dhahabu wa West Driefontein huko Afrika Kusini, ardhi iliyonyonywa maji kwa ajili ya uchimbaji ilifunguka ikameza mtambo wa kuvunja mawe na watu 29 wakafa. Kule Kiruna, Sweden, mgodi wa chuma umekubali kwamba uchimbaji wake unaharibu ardhi ya mji, na mji unahamishwa. Agosti 2025 hata kanisa lao la mbao, lililojengwa 1912, lilibebwa zimazima. Sisi hata kusikilizwa hatujasikilizwa.

Ninachotaka kwanza ni ramani inayoonyesha mmechimba wapi chini ya kitongoji hiki, kwa kina gani, na mapengo yapi mmeyajaza. Pimeni usawa wa ardhi kila mwezi, kwa vigingi, mbele ya Mtendaji wa Kijiji na mpimaji asiyelipwa na ninyi. Hadi vipimo vitoke, simamisheni ulipuaji wa upande huu. Fidia ya nyumba na kisima tutaizungumza vipimo vikiwa mezani, si kabla, maana nimeona majirani wakisainishwa haraka kwa pesa ya lipu.

Watoto wangu wanne wanalala sebuleni tangu Aprili. Nyumba ya kupanga kwa ajili yao haiwezi kusubiri vipimo. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Mwenye nyumba

Nakala:
Afisa Madini Mkazi
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC)
Mtendaji wa Kijiji