Shangazi, yule mwanamke alikuwa wa kazi yako

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naiandika barua hii hadharani kwa sababu nataka wenzako wa kazi nao waisome. Itafute filamu ya mwaka 2009 iitwayo The Courageous Heart of Irena Sendler, ambayo Anna Paquin anaigiza kama Irena. Umeitumikia Ustawi wa Jamii mpaka ukastaafu, na bado wapo ndugu zetu wanaosema ulikuwa unajaza fomu tu. Irena naye alikuwa mtumishi wa ustawi wa jamii katika jiji la Warsaw, na mengi aliyoyafanya kuwaokoa watoto wa Kiyahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliyafanya kwa fomu na vibali.

Wajerumani walipoikalia Poland waliwafungia Wayahudi wa Warsaw ndani ya ukuta mwaka 1940. Zaidi ya watu 400,000 walibanwa katika eneo lisilofika kilomita nne za mraba, wakaanza kufa kwa njaa na kwa taifasi, ile homa inayoenezwa na chawa. Wajerumani waliogopa homa hiyo isivuke ukuta, na hofu hiyo ndiyo iliyomfungulia Irena na wenzake mlango, maana walipewa vibali vya kuingia kama wakaguzi wa afya. Taifasi hiyohiyo ilikuwa imemuua baba yake, daktari, mwaka 1917 alipokuwa akiwatibu wagonjwa.

Waliingia na chakula na dawa, wakatoka na watoto: kwenye gari la wagonjwa, kwenye mifereji ya majitaka, kupitia jengo la mahakama lililopakana na ukuta. Elżbieta Ficowska alikuwa mchanga wa miezi michache tu alipotolewa mwaka 1942, amelazwa ndani ya sanduku la mbao kwenye gari la matofali. Wazazi wake walimwekea kijiko cha fedha kilichochorwa jina lake na tarehe aliyozaliwa. Na ujue kwamba adhabu ya kumsaidia Myahudi Poland ilikuwa kifo.

Sasa nifike nilipokukumbuka wewe. Kwa kila mtoto, Irena aliandika kwenye kipande cha karatasi nyembamba jina lake la kweli, jina jipya la Kipolandi, na mahali alikopelekwa, iwe kwa familia, kwa masista au kwenye kituo cha watoto. Karatasi hizo hatimaye zilifukiwa kwenye chupa chini ya mti wa tofaa, bustanini kwa mwenzake. Idadi inayotajwa ya watoto waliookolewa na kundi lake ni kama 2,500. Mwingine angeridhika kwamba mtoto anapumua. Irena alitaka siku moja mtoto arudi kwa watu wake, ajue ni wa nani. Mtu aliyekaa na majalada ya watoto, kama wewe, ndiye anayejua kwamba mtoto anaweza kuokolewa na bado akapotea.

Oktoba 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wakamkamata, wakamtesa katika gereza la Pawiak. Hakumtaja mtu. Żegota, chama cha siri cha kuwasaidia Wayahudi, kilitoa hongo akaachiwa, naye akaendelea na kazi mafichoni kwa jina lingine.

Kinachoniuma kwenye filamu ni kwamba inamkuza yeye hadi wenzake wanafifia, na mapenzi yanakula muda mwingi. Irena mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 2008 akiwa na miaka 98, alisisitiza kuwa hakuifanya kazi hiyo peke yake. Mwenzake mmoja, Jadwiga Deneka, alikamatwa, kisha akauawa na Wajerumani mwaka 1944. Watu kama hao walistahili nafasi kubwa zaidi.

Lakini akina mama, shangazi! Hapo filamu imenishika. Irena anafika mlangoni kumchukua mtoto, na mama anauliza, mwanangu atapona? Irena hawezi kuahidi. Hana hakika hata kama watavuka ukuta salama. Wapo waliokataa, na alipowarudia alikuta nyumba tupu. Kati ya Julai na Septemba 1942 zaidi ya watu 250,000 walipakiwa kwenye treni kutoka mle na kupelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Treblinka. Karatasi zile zilipofukuliwa baada ya vita, wazazi wengi wa watoto walioandikwa humo hawakuwepo tena duniani.

Nimejaribu kujiweka pale mlangoni, upande wa mama na upande wa Irena, nimeshindwa pote. Wewe umekaa miaka yote ile kwenye meza ambayo mama huja kumkabidhi mtoto. Itazame, kisha uniambie: anapokuuliza swali lile na wewe huna la kuahidi, ulikuwa unamjibu nini?