Semina za hotelini hazijanipa tenda

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumzie hizi semina za kutufunza sisi wafanyabiashara wadogo namna ya kupata tenda za serikali. Nimehudhuria nne hapa Nakuru. Mifuko niliyopewa huko ninayo bado, naiwekea nyuzi na vifungo.

Ratiba haibadiliki. Sala ya kufungua, hotuba ya mgeni wa heshima aliyechelewa, chai ya saa nne, projekta inayokataa kuwaka, chakula cha mchana, picha ya pamoja, cheti. Katikati ya hayo tunaelezwa kwamba asilimia 30 ya tenda za umma zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwamba mpango huo wa AGPO ulizinduliwa mwaka 2013, na kwamba sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 iliutia nguvu katika kifungu cha 157. Yote hayo ni kweli. Lakini nilikuwa nayajua kabla sijapanda matatu kwenda hotelini.

Nilichokuwa sikijui ni kidogo sana, na ndicho kilichoniangusha.

Nina karakana ya ushonaji mtaani Bondeni, cherehani sita na ovaloki mbili. Tunashona mashuka, mapazia na sare. Nilipopata cheti changu cha AGPO, kile cha kuandikishwa katika mpango huo, niliomba tenda ya mashuka ya taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Nilijaza makaratasi wiki nzima, usiku, baada ya mafundi kwenda kwao. Kila ukurasa niliuandika nambari kwa mkono, pembeni chini. Usiku wa mwisho nikakumbuka taarifa ya benki. Karatasi tano. Nikazichomeka kati ya ukurasa wa 42 na wa 43, nikafunga bahasha, nikalala.

Siku ya kufungua nilikwenda, maana kila aliyewasilisha ana haki ya kuhudhuria. Bei zikasomwa kwa sauti. Yangu ilikuwa ya pili kutoka chini, na ya chini kabisa ilikuwa ya mtu aliyesahau kutia sahihi fomu. Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu ya majora ya kitambaa. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua: tenda yako haikufaulu kwa sababu si kurasa zote zilizopewa nambari mfululizo. Basi. Mashuka yangu hakuna aliyeyatazama.

Sisemi nilionewa. Kifungu cha 74 cha sheria hiyo hiyo kinataka kila ukurasa uwe na nambari, na kamati ikianza kumsamehe huyu karatasi tano, kesho itamsamehe yule karatasi hamsini ambazo ziliingizwa baada ya sanduku kufunguliwa. Naielewa sababu yake. Swali langu ni hili: katika semina nne, za siku mbili mbili, mbona hakuna aliyesimama mbele akatuonyesha faili moja la tenda, la karatasi, akalifunua ukurasa kwa ukurasa?

Aliyenionyesha ni mzee mmoja jirani, aliyestaafu kazi ya ununuzi serikalini. Nilimsimulia masaibu yangu tukitoka kanisani. Akaniambia, "Mama, leta ile iliyoanguka. Usiniletee mpya." Nikaitoa nakala yangu, tukaiweka juu ya meza ya kukatia kitambaa, akachukua kalamu nyekundu. Zile karatasi tano alizipita kwa sekunde. Akafika kwenye bei, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Hii umeipataje?"

Nikamwambia: kitambaa, nyuzi, mshahara wa mafundi, faida kidogo.

"Na gari la kupeleka mzigo? Na kodi watakayokata kabla hawajakulipa? Na ile miezi utakayongoja ukilipa kodi ya nyumba na mishahara?"

Nilikuwa sijaweka hata moja. Akafunga kalamu, akacheka kwa upole. "Mshukuru Mungu ulikosa. Ungeishinda, ingekumaliza."

Hilo ndilo ninalotaka wanaopanga mafunzo walisikie. Kukosa tenda huuma, lakini kuipata kwa bei mbovu huua biashara. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka madeni ya kaunti kwa wanaoziuzia bidhaa na huduma yakipita shilingi bilioni 150. Ndani ya mabilioni hayo kuna watu wa cherehani sita. Wengine walikopa wakiwa na LPO mkononi, ile hati rasmi ya kuagiza bidhaa, wakapeleka mzigo, wakarudi kukaa kwenye benchi nje ya afisi ya malipo mpaka walinzi wakawajua kwa majina. Mafunzo yanayoishia kwenye kushinda yanatuacha mlangoni. Mlezi wa kweli, yaani mtu wa kukuongoza katika biashara, hukaa nawe hadi invoisi ilipwe. Atakwambia mapema ukazungumze na Hazina ya Wanawake au ya vijana kuhusu mkopo wa LPO kabla hujamwendea shailoki wa mtaani, na ukipeleka mzigo nusu atakuhimiza udai hati ya kupokelewa siku hiyo hiyo, usisubiri.

Neno mlezi lenyewe nalitumia kwa tahadhari. Huku mjini kuna watu wanaojiita hivyo wakiwa na nia nyingine. Anakuja na gari, anakuita madam, anakwambia ana pesa na ana watu ndani, kinachokosekana ni cheti chako cha AGPO tu. Wewe utatia sahihi, yeye atafanya kazi, na mwisho utapewa "ya chai". Wengi wamekubali, na siwalaumu sana, njaa ina maneno yake. Sheria inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua asilimia 70 kutoka makundi yaliyolengwa, na uongozi uwe asilimia 100 mikononi mwao. Kwenye karatasi yote hayo yametimia. Kazini, mwenye cheti hajui hata mzigo ulinunuliwa duka gani, na mwaka ujao hajui zaidi ya alivyojua mwaka huu.

Marekani wanao mpango rasmi chini ya shirika lao la biashara ndogo, SBA, unaoruhusu kampuni kubwa kumlea mdogo na hata kuomba kandarasi pamoja naye. Lakini waliweka kipimo: katika kazi wanayoifanya kwa ubia, yule mdogo lazima afanye angalau asilimia 40. Makubaliano huandikwa na kuidhinishwa, na kila mwaka hukaguliwa kama mdogo amejifunza kitu. Sidai kwamba ya Marekani yote yanatufaa. Hiki kipimo cha kazi kinatufaa. Mwenye gari akitaka kunilea, aje, lakini iandikwe ni mashuka mangapi yatapita kwenye cherehani zangu.

Sasa ombi langu, kwa serikali yetu ya kaunti na kwa wenzao wa Kisumu, Kakamega na kwingineko, maana hadithi hii si ya Nakuru peke yake. Chukueni pesa za semina moja tu, ukumbi na chakula na mifuko, muwalipe marupurupu maafisa wa ununuzi waliostaafu. Kila mmoja akabidhiwe wafanyabiashara wachache kuanzia Julai mwaka wa fedha unapoanza hadi Juni unapofungwa, na awatembelee karakanani kwao. Nasema waliostaafu kwa makusudi. Afisa aliye kazini akimshauri mtu kuhusu tenda ambayo meza yake itaikagua, hapo tumefungua duka lingine.

La pili halihitaji pesa kabisa. Kifungu cha 87 kinaitaka afisi imjulishe aliyekosa sababu za kukosa kwake. Tunaletewa sentensi moja. Kwa nini isiwepo alasiri moja kwa mwezi ambapo aliyeanguka anaruhusiwa kuketi na afisa, kandarasi ikishatiwa sahihi, akaonyeshwa faili lake mwenyewe lilipopotoka? Najua ipo bodi ya rufaa, na tuna siku 14 za kuifikia. Lakini kwa tenda ya mashuka, mimi na wakili tutagawana nini?

Wapo watakaosema mambo ya kurasa yanaisha, kwa kuwa mwaka 2025 serikali ilileta mfumo wa zabuni wa mtandaoni, e-GP, ambao mvutano wake ulifika hadi mahakamani. Huenda nambari za kurasa zikaisha. Yatakuja mengine: hati iliyopigwa picha kombo, nywila iliyosahaulika, mtandao unaokatika dakika kumi kabla ya saa ya kufunga. Mtandao nao hauna mtu wa kumwambia "samahani, nilichomeka karatasi tano."

Tangu siku ile ya kalamu nyekundu nimeomba tenda tatu. Moja nilikosa kwa bei, na nilijua nitakosa, kwa sababu sikukubali kushuka. Moja nilipata, ya mapazia, nikalipwa baada ya miezi saba. Nilikuwa nimeihesabia minane. Ya tatu bado haijafunguliwa.

Ikiitwa semina nyingine nitakwenda, chai yao si mbaya. Ila safari hii nitabeba lile faili langu la kwanza, na karatasi zake tano, niombe liwekwe kwenye projekta.

Wako,
Fundi wa nguo,
Bondeni, Nakuru