Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Lubumbashi

Wandugu wanachama, wazee wetu na wamama, jambo yenu wote.

Yale mnayoyajua kuhusu kazi yetu kwa wazee wenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu, kama Alzheimer, nitayapitia haraka. Tulitembelea familia za komini za Katuba, Kenya na Ruashi hapa mjini. Tulizungumza makanisani. Tarehe 21 Septemba, siku ya Alzheimer duniani, tulikusanyika kama kawaida, na waliokuja walikuja. Nepi za wakubwa ziligawanywa, orodha iko kwa katibu. Hesabu: wanachama 64 kwenye daftari, waliomaliza mchango 21, zilizoingia dola 602 pamoja na nusunusu za wengine, zilizotoka 571, zilizobaki 31.

Sasa nije kwenye neno linalosemwa sana, mara nyingi mimi nikiwa sipo: zile dola 180 za mfuko wa kilio, yaani wa misiba, ambazo komite ilizitumia kwa memorandumu, barua yetu ya maombi kwa wabunge.

Zilikwenda kwa kuchapa, fotokopi, usafiri, na mtu wa sheria aliyetunyooshea Kifaransa. Risiti zipo, isipokuwa za teksi, na nani hapa mjini amewahi kupewa risiti ya teksi? Rasimu ya kwanza niliiandika mimi mwenyewe, kwa mshumaa, umeme ukiwa umekatika. Silisemi nipongezwe. Nalisema kwa sababu kuna walioeneza kwamba mwenyekiti amekula pesa.

Wanaosema pesa ya kilio haiguswi nawaelewa. Lakini tunachangia jeneza la mzee ambaye alipokuwa hai hakupata hata muuguzi mmoja anayeujua ugonjwa wake. Mnamkumbuka yule mama aliyeitwa mlozi, yaani mchawi, na majirani kwa kuwa alitoka usiku na kuongea peke yake. Kituo cha afya kilimpa dawa ya malaria, akarudishwa nyumbani. Angepimwa mapema na familia ikaelezwa, pengine asingefukuzwa kwenye parsele, kiwanja chake mwenyewe.

Ndiyo maana tuliwaandikia wabunge wa jimbo na wa taifa waliochaguliwa hapa kwetu. Tuliomba fungu la bajeti kwa matunzo ya wazee hawa, mafunzo kwa wauguzi wa vituo vya afya, na pesa ya utafiti kwa chuo kikuu chetu. Hatukuomba sadaka. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mzee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Na mwaka 2001 kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya.

Mwanachama mmoja alisimama akasema utafiti ni kazi ya Wazungu, sisi tungoje dawa. Ndugu yangu, Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye demensia ya kila aina, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Lecanemab, moja ya dawa mpya, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2023 ilitangazwa kwa dola 26,500 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, nayo ni kwa walio mwanzoni mwa Alzheimer tu. Hata tungekuwa na pesa hiyo, nani angetambua hapa kwamba mzee yuko mwanzoni? Tukingoja, tutangoja mpaka sisi wenyewe tuwe wazee wa kutunzwa.

Majibu hayajafika, ila nakala yenye muhuri wa kupokelewa tunayo. Kikao cha bunge cha Septemba ndicho cha bajeti, kwa hiyo sioni sababu ya watu kutucheka mapema.

Tena niseme wazi: uamuzi huu ulipitishwa mkutanoni mwezi Juni. Tulikuwa watu 9, watano wakiwa wa komite. Hao 55 wengine walikuwa wapi? Kuna aliyenitumia ujumbe mrefu wa kupinga, na mchango wake wa mwisho ni wa mwaka juzi. Kupinga ni haki ya mwanachama, lakini mwanachama ni yule anayelipa.

Mwaka ujao tunatumaini, Mungu akijalia, kuanza mafunzo kwa watunzaji, labda kupata chumba cha kukutania, na kurudi kwa wabunge kabla ya Septemba tukiwa wengi zaidi. Mfuko wa kilio utarudishwa kidogo kidogo, kadiri michango itakavyoingia.

Mweka hazina amekaa karibu na mlango, daftari analo. Asanteni.