Kabla hamjafungua ile stoo

Zuhura mpendwa,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa wote hapo nyumbani. Huku hatujambo. Habari nyingine nitakupa ukinipigia, maana leo nataka barua hii ikuwahi kabla ya Jumamosi.

Nimesoma ujumbe wako kwamba mmekubaliana kufungua stoo na kupunguza vitu nyumba nzima kwa siku mbili, Hamisi anakuja na gari, na makaratasi yote ya zamani yatachomwa nyuma ya nyumba. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha niandike. Nakuomba sana, msichome karatasi hata moja wikiendi hii. Magodoro yaliyooza yaende, ndoo zilizopasuka ziende, viti visivyokalika viende. Makaratasi myakusanye kwenye maboksi bila kuyachambua, muandike juu kwa maka peni "bado", kisha myapeleke chumbani kwa Mama, mahali pakavu. Yana kazi yake, na kazi hiyo haifanywi na watu waliochoka wanaosubiriwa na gari.

Tena hata kama yangestahili kuangamizwa, moto ni njia mbaya. Bunda nene la karatasi huungua pembeni tu. Katikati hewa haifiki, na kesho yake utakuta namba za akaunti na sahihi zinasomeka vizuri. Karatasi yenye siri chana vipande vidogo, au iloweke kwenye ndoo hadi ilegee, uivuruge iwe rojo.

Sasa mpangilio wa siku zenyewe. Anzeni na vitu visivyo na ubishi: vilivyovunjika, vilivyooza, vilivyoisha muda. Kuamua kunachosha kuliko kubeba, na kila "tubaki nacho au kiende" inakula nguvu kidogo. Anayeanza na picha asubuhi, mchana utamkuta ameketi sakafuni na albamu mapajani, na stoo haijaguswa. Kumbukumbu ziwe za mwisho, baada ya mkono kuzoea kuamua.

Msitoe vitu vyote nje kwa mpigo. Tandikeni turubai, mteremshe rafu moja, mwimalize, ndipo mwende ya pili. Wanaomwaga chumba kizima hukutwa na giza, vitu viko juu ya vitanda, na kwa uchovu hurudisha kila kitu kilipokuwa. Na vitu vya aina moja, hata kama viko vyumba tofauti, vikutanisheni mahali pamoja kabla ya kuamua: mashuka yote, chaja zote, mikasi yote. Mkasi mmoja kwenye kila droo hauonekani kuwa mwingi. Ikilala yote pamoja mezani, hakuna atakayebishana.

Kila kitu kiende sehemu moja kati ya nne: kinabaki, kinatolewa kwa mtu, kinatupwa, kinaulizwa. Ya nne ndiyo yenye mtego. Iwe na boksi moja tu, na likijaa lisiongezwe la pili, mrudi ndani yake mwamue. Mkiongeza, mtakuwa mmejenga stoo mpya ndani ya stoo.

Halafu, dada, yanayotoka yatoke siku hiyo hiyo. Mfuko ukijaa fungeni mdomo na uende moja kwa moja garini, usikae mlangoni. Ukikaa mlangoni kuna mtu atapita, atachungulia, atachomoa kitu kimoja, na kesho nusu imerudi ndani. Vya kutoa viwe vizima na visafi leo, si "vikitengenezwa". Pasi iliyoungua ukimpa jirani umemhamishia kazi ya kuitupa.

Msinunue makontena ya plastiki kwanza. Najua Shangazi ameshauri hivyo. Makontena yakitangulia, yanajazwa vitu ambavyo vingeondoka, na mara nyingi hayaenei kwenye rafu. Punguzeni vitu, mpime rafu urefu na kina, ndipo mjue mnahitaji mangapi. Rafu yenye kina cha sentimita 30 hadi 40 inatosha vitu vingi vya nyumbani. Ikizidi sana hapo, mnapanga safu mbili na ile ya nyuma inasahaulika. Vya kila siku vikae kati ya kiuno na bega la Mama, si la Hamisi. Vizito viwe chini. Vitabu vifungwe kwenye katoni ndogo isiyozidi kilo 15 hivi, maana katoni kubwa ya vitabu huachia chini mkiwa ngazini. Lile kabati refu la ukumbini lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe na skrubu. Mtoto akivuta droo mbili tatu na kupanda juu yake kama ngazi, kabati linamwangukia.

Kuhusu stoo yenyewe, kama kuna mavi ya panya, msifagie makavu. Ufagio unarusha vumbi lenye vimelea na mnalivuta puani. Fungueni mlango na dirisha kama nusu saa, vaeni glavu na barakoa inayobana uso vizuri, changanyeni dawa ya klorini ya dukani sehemu moja kwa maji sehemu tisa, mlowanishe, msubiri dakika tano, ndipo mfute kwa matambara ya kutupa. Klorini hiyo isikutane na siki, dawa ya chooni yenye asidi, wala sabuni yenye amonia. Hutoa gesi inayochoma mapafu, na stoo haina hewa ya kuiondoa. Mwambie yule kijana anayependa kuchanganya sabuni ili "ziwe kali".

Dawa za hospitali zilizopita muda mpeleke famasi kama wanazipokea. Kama hawapokei, vidonge vitolewe kwenye pakiti, vichanganywe na mchanga au uchafu mwingine usiotamanika, vifungwe kwenye mfuko usiovuja, na jina la mgonjwa lifutwe kwenye kopo. Betri zisiende na takataka za kawaida kama kuna mahali zinapokusanywa. Zibeni ncha zake kwa selotepu zisigusane. Zile bapa ndogo kama kifungo ziondoeni sakafuni kabla wajukuu hawajafika, kwani ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Simu iliyovimba betri msiichaji "kuona kama bado inawaka". Simu nzima mnazotoa, ondoeni akaunti kwanza, ndipo mfute kila kitu, na laini na memori kadi zitoke.

Nguo za Baba ziangalieni kabla ya kukunja. Wanaotoboa sufu na hariri ni viwavi wa nondo, si nondo anayeruka, na wanapenda zaidi palipo na jasho na mafuta ya mwili. Kwa hiyo zinazobaki zifuliwe, zikauke kabisa, ndipo zifungwe. Unyevu kidogo tu ndani ya plastiki unaleta ukungu. Vidonge vya naftalini vya kuzuia wadudu wa nguo viwe ndani ya chombo kilichofungwa, si chumba cha kulala, na visikaribie nguo za mtoto mchanga. Wapo watoto wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na naftalini huvunja seli zao nyekundu za damu. Na mifuko, jamani, mifuko yote ya nguo...

Nitalirudia la mifuko. Acha kwanza nimalize la makaratasi, maana ndilo linaloninyima raha.

Mama mwenyewe husema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi chakavu isiyo na muhuri inaweza kuwa ndiyo makubaliano ya kwanza ya kiwanja. Chambueni kwa mwenyewe kwanza, ya Mama, ya Baba, ya nyumba, ya kila mtoto. Kisha kwa aina, na mwaka uwe wa mwisho. Anayeanza na mwaka anapata marundo mengi yasiyomsaidia kutafuta kitu. Za kubaki maisha yote ni vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo, hati na mikataba ya ardhi na nyumba, wosia, maamuzi ya mahakama, karatasi za mirathi, vyeti vya shule na kumbukumbu za ajira na pensheni. Za mirathi hasa, kwa kuwa huulizwa tena miaka mingi baada ya kila mtu kudhani yamekwisha. Risiti ya ununuzi na dhamana zikae kadiri kitu chenyewe kipo. Za kodi na benki zina muda wake kisheria, na muda huo hutofautiana kila nchi, kwa hiyo ulizeni mamlaka husika kabla ya kuzigusa. Zinazoweza kwenda bila majuto ni maelekezo ya mashine zilizokwisha kutupwa, matangazo, na bahasha tupu.

Bahasha tupu ufungue mwenyewe uone kama ni tupu kweli. Na hili ndilo la mifuko: kabla nguo haijatoka, mkono uingie kila mfuko, na kwenye bitana iliyochanika. Pekueni vitabu ukurasa kwa ukurasa. Inueni karatasi iliyotandikwa chini ya droo, mtoe droo nzima mtazame nyuma yake. Wazee wetu waliweka vitu pasipotazamika kwa makusudi.

Risiti za karatasi laini zinazotoka kwenye mashine zipigeni picha mapema. Maandishi yake si wino. Karatasi ina kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na hufifia kwa jua, mafuta na baadhi ya plastiki. Pini za stepula zilizoshika kutu ziondoeni taratibu kwa kuinua miguu yake kwa nyuma, msivute kwa mbele. Hati halisi msizipige lamineshani. Ile plastiki ya moto haitoki tena bila kuharibu karatasi, na mtu wa ofisini anaweza kuikataa kwa sababu hawezi kuukagua muhuri. Zilizoshikana kwa maji msizibandue kwa nguvu, na msizianike juani. Zitandazeni kivulini penye upepo. Zikiwa nyingi kuliko nafasi, zifungeni kwenye mfuko wa plastiki mzigandishe kwenye friza ili ukungu usianze, halafu mtoe chache chache.

Nakala za skana ziwe dpi (nukta kwa inchi) 300 kwa hati, 600 kwa picha ndogo. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha aina, zitajipanga zenyewe. Nakala moja ikae kwenye diski ya nje, nyingine nyumba tofauti kabisa. Ila skana haichukui nafasi ya hati halisi ya nyumba, usimruhusu mtu aseme "si tumeshapiga picha".

Picha za albamu zenye kurasa za gundi msizing'oe. Pitisheni uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu kama msumeno, kutoka kona moja. Ikigoma, acheni, ipigeni picha hapo hapo ilipo. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, picha ikilala juu ya kitu kigumu na safi. Kalamu ya wino hukwaruza au huhamia picha ya jirani. Na kabla ya majina kuandikwa, mkae na Mama, simu ikirekodi sauti, aseme ni nani na nani. Ukiniambia nichague jambo moja tu kwenye barua yote hii, ningechagua hilo. Nyuso zile anazijua yeye na Bi Mwanaidi, na hakuna skana inayoweza kuzitaja.

Kuhusu Mama kukataa, msimuulize "bado unakihitaji hiki?" Jibu ni ndiyo, kwa kila mtu. Mpangieni vitano, mumuulize viwili gani vibaki. Saa moja, apumzike. Msitupe chochote chake kwa siri. Akigundua kimoja, atafunga mlango wa vyote, na atakuwa na haki. Kitu kinachotakiwa na wawili kipigwe picha, kiandikwe kwenye orodha, kiwekwe pembeni. Kisiamuliwe pale sakafuni, watu wakiwa na njaa.

Sasa nijibu, tafadhali. Funguo za lile sanduku la chuma la Baba ziko kwa nani? Paa la upande wa stoo liliwahi kuzibwa, au ukuta bado unatoka jasho? Kama bado, msirudishe boksi lolote chini, wekeni rafu mbali kidogo na ukuta. Ile bahasha ya kaki aliyokuwa akiitafuta Mama baada ya msiba ilionekana? Shangazi anakuja siku zote mbili au Jumapili tu? Gari la Hamisi lina turubai, mvua ikinyesha? Mnayo skana au nije na yangu? Na Mama analala vizuri siku hizi, au hili la stoo linamkesha?

Nijibu la funguo hata kabla ya mengine. Kama hazijulikani zilipo, msivunje kufuli. Fundi mwenye subira atalifungua bila kutikisa kilichomo.

Wako akupendaye,
Asha